Taa Ikiwaka Kati ya Ruiru na Thika

Saa kumi na moja alfajiri, kabla majogoo wa Ruiru hawajamaliza kuwika, Barabara ya Thika huwa tayari inanguruma. Malori yaliyosheheni mawe ya machimbo ya Ndarugo yanapanda polepole kuelekea Nairobi. Matatu za nambari 145 zinajaza abiria wa Ruiru, zile za 237 zinakuja mbio kutoka Thika, na katikati yake yanapita matrela yenye ananasi, kahawa na bidhaa za viwandani. Magari makubwa ya barabara hii karibu yote hunywa dizeli. Mkazi wa hapa hana haja ya kuchungulia dirishani ili ajue kilichopita. Sauti ya injini humwambia, na wakati mwingine harufu ya moshi.

Miaka hii ya karibuni kuna mgeni mwingine anayeonekana katika msafara huo, hasa siku za Jumamosi na wakati shule zinapofungwa. Huyu ni gari-nyumba: gari lenye vitanda, jiko la gesi, sinki na tangi la maji, ambalo familia husafiri nalo na kulala humo humo. Baadhi huletwa na watalii wa Ulaya wanaoivuka Afrika kwa barabara. Mengine yametengenezwa hapa hapa nchini kutokana na Toyota Hiace, Coaster au lori dogo lililong'olewa viti na kuwekewa mbao. Yote hupenda njia hii, kwa maana ndiyo lango la kwendea Ol Donyo Sabuk, Sagana, Karatina na Nanyuki chini ya Mlima Kenya.

Gari-nyumba likiharibika, familia haikosi usafiri tu. Inakosa pia malazi, jiko na choo, na huenda watoto wamo ndani na jua linakaribia kutua. Ndiyo sababu taa moja ndogo ya manjano ikiwaka kwenye dashibodi, baba hushika usukani kwa nguvu, mama hunyamaza, na fundi wa kwanza kupatikana huaminiwa kama nabii. Atasema pampu imekufa, pampu italipiwa. Atasema ni nozeli, nozeli zitanunuliwa. Baada ya siku mbili taa inawaka tena.

Kuna jambo moja ambalo safari fupi kutoka Ruiru hadi Thika yaweza kumfundisha mwenye gari la dizeli, liwe gari-nyumba, matatu au pikapu ya shamba. Taa ya dashibodi inasema mahali pa kutazama. Haisemi kitu cha kununua.

MJI WA MAGURUDUMU

Mtu akitaka kujifunza tabia za injini, hatapata mahali panapofaa kuliko hapa. Thika ni mji uliokuzwa na usafiri. Hoteli ya Blue Posts, iliyo kati ya maporomoko ya mito Chania na Thika, ilianza mwaka wa 1908 kama kituo cha wasafiri waliokuwa wakielekea bara. Reli ilifika mwaka wa 1913, na baada yake yakaja mashamba makubwa ya kahawa, katani na mananasi, kisha viwanda.

Mwaka wa 1974 kilianzishwa mjini humo kiwanda cha kuunganisha magari, wakati huo kikiitwa Leyland Kenya. Leo kinajulikana kama Kenya Vehicle Manufacturers, au KVM kwa wenyeji. Mabasi na malori mengi ya nchi hii yameunganishwa hapo, na Desemba 2016 Volkswagen nao walianza kuunganisha magari yao madogo papo hapo. Juja, katikati ya Ruiru na Thika, ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ambacho miongoni mwa mengine hufundisha uhandisi wa mitambo.

Halafu kuna chuo kingine kisicho na lango wala cheti, nacho ni cha jua kali. Pembeni mwa barabara za Ruiru na Thika mafundi hulala chini ya magari tangu asubuhi hadi jioni. Miongoni mwao wamo wajuzi wa kweli, ambao husikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua cha mgonjwa. Wamo pia wanaokisia. Mwenye gari hawezi kuwatofautisha ikiwa yeye mwenyewe hajui hata maana ya rangi ya taa iliyowaka.

RANGI KWANZA

Basi tuanze na rangi. Taa za dashibodi hufuata mtindo ule ule wa taa za barabarani. Kijani au bluu inakuarifu tu kwamba kitu fulani kinafanya kazi, kama vile taa kali za mbele. Manjano inakuambia kuna jambo la kuchunguzwa karibuni. Nyekundu inakuamuru usimame.

Nyekundu mbili hazina mjadala. Ya kwanza ina mchoro wa birika la oili lenye tone mdomoni. Ikiwaka ukiwa safarini, shinikizo la oili limeshuka, na vyuma vinasagana bila kilainishi. Toka barabarani mara moja, zima injini, kisha upime oili kwa kile kijiti chake. Ukisema utaisukuma kilomita tano tu hadi nyumbani, kilomita hizo zaweza kukugharimu injini nzima. Ya pili ina mchoro wa kipimajoto ndani ya maji. Hiyo ni ya injini iliyochemka. Zima, ngoja ipoe kabisa, na usifungue kifuniko cha radieta ikiwa moto, kwa sababu maji yake huruka na kubabua uso.

Nyekundu ya betri inamaanisha kwamba betri haichajiwi. Aghalabu mkanda umelegea au umekatika, au jenereta haitoi umeme. Katika gari-nyumba jambo hili lina kipengele chake, maana huwa kuna betri mbili: moja ya kuwashia injini, nyingine ya taa za ndani, friji na pampu ya maji. Zikiunganishwa vibaya, friji iliyoachwa usiku kucha humaliza betri zote mbili. Asubuhi kompyuta ya gari hupata umeme hafifu, nayo huwasha taa tatu au nne kwa mpigo ambazo hazihusiani kabisa. Kabla hujaamini kwamba gari lina maradhi manne, pima betri na ukaze vichwa vyake.

Katika magari mengi ya zamani ya Toyota ya dizeli kuna taa nyingine iliyoandikwa T-BELT. Wengi hudhani mkanda umekatika. La. Taa hiyo huwaka kilomita zilizopangwa zinapotimia, kwa mengi kila 100,000, ili kukumbusha kwamba mkanda wa ndani ya injini unatakiwa kubadilishwa. Yaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa. Kwa hiyo anayenunua Hiace kuukuu ili aigeuze gari-nyumba asiulize tu kama taa inawaka. Aulize mkanda ulibadilishwa lini na nani. Ukikatika ukiwa safarini, vali hugongana na pistoni, na hapo usafiri umekwisha.

INJINI ISIYO NA CHECHE

Ili kuzielewa taa zilizobaki, inafaa kujua dizeli inavyofanya kazi. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini hii imepewa jina lake, alifaulu kuonyesha iliyofanya kazi vizuri mwaka wa 1897. Tofauti yake na ya petroli ni kwamba haina plagi ya kutoa cheche. Hewa hubanwa kwa nguvu hadi inakuwa moto sana, kisha nozeli hupuliza mafuta ndani yake kama ukungu, nayo hulipuka yenyewe.

Hapo tunapata mahitaji matatu ya kila injini ya dizeli: hewa ya kutosha, mafuta safi yenye shinikizo, na joto wakati wa kuwasha. Taa ya manjano yenye mchoro wa waya uliojikunja inahusu joto hilo. Ni ya plagi za kupasha. Ngoja izimike kabla ya kupiga stata, hasa asubuhi za Juni na Julai, wakati baridi ya Ruiru na Thika inapouma na magari yanatoa moshi mweupe yakiwashwa. Katika magari mengine, hasa ya Ulaya, taa hiyo hiyo ikimetameta ukiwa unaendesha huwa inaashiria hitilafu katika usimamizi wa injini, si plagi peke yake.

Moshi nao ni taa ya bure iliyoko nyuma ya gari. Moshi mweusi unasema mafuta ni mengi kuliko hewa: filta ya hewa imejaa vumbi, bomba la tabo limechanika, au nozeli inamwaga badala ya kupuliza. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto unasema mafuta hayachomeki, au maji ya radieta yanaingia mahali pasipofaa. Moshi wa bluu unasema injini inachoma oili. Mwambie mtoto mkubwa atazame nyuma ya gari wakati baba anawasha. Fundi mwema atauliza swali hilo kabla hajashika spana.

MAJI, HEWA NA MAFUTA TAA

Magonjwa mengi ya dizeli yanayowasimamisha watu kati ya Ruiru na Thika hayatoki ndani ya injini. Yanatoka kwenye tangi.

La kwanza ni maji. Huingia kupitia matangi ya ardhini wakati wa mvua za masika, kupitia mitungi isiyofunikwa vizuri, au huzaliwa ndani ya tangi la gari lenyewe. Gari-nyumba likiegeshwa uani miezi mitatu na tangi nusu, hewa iliyo ndani hupoa usiku na kutoa matone. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hukaa chini, pale pale mdomo wa bomba ulipo. Mahali maji na dizeli vinapokutana huota vijidudu na kuvu vinavyofanya utelezi mweusi, nao huziba filta. Dawa ni rahisi: jaza tangi kabla ya kuliegesha gari kwa muda mrefu.

Magari mengi yana taa ya manjano ya maji katika filta, yenye mchoro wa filta na matone chini yake. Hii ndiyo taa ya bei nafuu kuliko zote, iwapo utaitii. Simamisha gari, zima injini, weka chupa au kopo chini ya filta, legeza kizibo cha chini na uachie maji yatoke hadi uone dizeli safi. Kama filta ina pampu ya mkono juu yake, ibonyeze ili kusaidia. Kisha funga, bonyeza pampu tena mpaka iwe ngumu, na uwashe. Ni kazi ya dakika kumi. Ukiipuuza, maji hufika kwenye pampu na nozeli, ambazo hulainishwa na dizeli yenyewe, nazo hupata kutu na kukwaruzika. Tofauti ya gharama ni kubwa: filta mpya ni bei ya chakula cha mchana cha familia, lakini pampu na nozeli zaweza kula karo ya muhula. Wala usimwage uchafu huo mtaroni. Mitaro ya Ruiru na Thika huishia mitoni, na kuna watu chini huko wanaochota.

La pili ni hewa. Kama gari ni gumu kuwaka asubuhi lakini likishawaka ni zima siku nzima, huenda hewa inaingia kupitia kiungo kilicholegea na mafuta yanarudi tangini usiku. Mafundi wengi wazuri huweka kipande cha bomba la plastiki linaloona mbele ya filta na kutazama. Mapovu yakionekana, jibu limepatikana bila kununua chochote. Mara nyingi kosa ni raba ya shilingi chache au klampu iliyolegea.

La tatu ni ulafi wa binadamu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wapo wauza mafuta waliotia mafuta taa katika dizeli. Kwa miaka mingi mafuta taa yalikuwa nafuu zaidi kwa sababu ndiyo ya mwananchi wa kawaida, na faida ya kuchanganya ilikuwa tamu. Septemba 2018 serikali iliweka ada ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuziba pengo hilo. Biashara hiyo ilipungua, ingawa maskini aliyepikia stovu ndiye aliyebeba mzigo. Kishawishi kingine ni mafuta ya kupelekwa nchi jirani, yasiyotozwa ushuru wa hapa, yanaporudishwa kwa siri sokoni. Ndiyo maana mafuta hayo hutiwa alama ya kemikali isiyoonekana kwa macho, na wakaguzi wa EPRA, mamlaka inayosimamia kawi na petroli, huchukua sampuli katika vituo na kuipima.

Mafuta taa ni mepesi na hayalainishi kama dizeli. Pampu huanza kujila taratibu. Hapa, msomaji, ndipo penye hatari, kwa sababu hakuna taa inayowaka siku hiyo. Gari litaonekana zima kwa wiki au miezi, kisha siku moja shinikizo litashuka na taa ya injini itawaka mbali sana na kituo kilichokuuzia. Usidanganyike kwamba utaujua mchanganyiko huo kwa kunusa. Chupa ya kioo ikiachwa imetulia usiku mmoja itakuonyesha maji na takataka chini, lakini mafuta taa hayatajitenga. Kinga yako ni kununua katika kituo chenye wateja wengi, kukwepa dizeli ya vibuyu kando ya barabara, na kuitilia shaka bei iliyo chini sana ya ile inayotangazwa kila mwezi. Tena hifadhi risiti. Bila risiti huna malalamiko.

Na kama mhudumu ametia petroli kwa bahati mbaya, usiwashe gari hata kidogo, wala usizungushe ufunguo ili usikilize redio. Katika magari mengine pampu ya umeme huanza kusukuma ufunguo ukizungushwa tu. Lisukumeni pembeni, tangi limwagwe, lisafishwe.

MLIMA HUTOA SIRI

Barabara yenyewe ni fundi, ukijua kuisikiliza. Nairobi iko juu kuliko Thika kwa zaidi ya mita mia moja, kwa hiyo safari ya kwenda Thika kwa jumla ni ya kuteremka. Injini haihangaiki. Filta iliyoziba nusu bado inapitisha mafuta ya kutosha, na familia hufika ikiimba.

Tuseme basi familia moja ya Ruiru imeondoka Jumamosi asubuhi kwa Hiace iliyotiwa vitanda, kituo chao kikiwa Sagana. Juja wanapita vizuri. Thika wanapita vizuri. Kisha barabara inaanza kuingia na kutoka katika mabonde ya mito kuelekea Kenol. Kwenye mpando wa kwanza gari linakuwa zito, baba anakanyaga zaidi, taa ya manjano yenye mchoro wa injini inawaka na nguvu zinapotea. Wakifika tambarare, gari linachangamka tena.

Fundi wa haraka atasema tabo. Lakini tazama dalili: ugonjwa unatokea pale injini inapodai mafuta mengi na unapona ikidai machache. Hiyo ni tabia ya njia ya mafuta iliyobanwa. Orodha ya kuchunguza huanzia kwenye kitu rahisi kwenda kwenye kigumu. Je, mafuta yamo tangini kwa kiasi cha kutosha? Yalinunuliwa wapi mara ya mwisho? Filta ya mafuta ilibadilishwa lini, na je, ina maji? Bomba limekunjika au linavuja? Kifuniko cha tangi kinapitisha hewa, au ukikifungua kinanyonya kwa sauti? Baada ya hayo yote ndipo pampu itajwe, na nozeli baadaye.

MASHINE YA KUSOMA SI MGANGA

Gari la kisasa lina kompyuta, na chini ya usukani lina tundu ambalo fundi huchomeka mashine ya kusoma hitilafu. Vifaa hivyo leo vimeenea hata kwa mafundi wa jua kali, na vidogo huunganishwa na simu. Ni msaada mkubwa, lakini umezaa upotovu mpya: fundi anasoma namba, anatamka jina la spea, mteja anatoa pesa.

Chukua namba P0087, ambayo hukumba magari mengi ya dizeli. Maana yake ni kwamba shinikizo la mafuta katika bomba kuu linalolisha nozeli liko chini kuliko linavyotakiwa. Haisemi kwa nini. Yaweza kuwa filta chafu, hewa, pampu ya tangini, pampu kubwa, nozeli inayorudisha mafuta kupita kiasi, au kipimashinikizo kinachosema uongo. Kubadilisha pampu kwa sababu ya namba hiyo peke yake ni sawa na kung'oa jino kwa sababu mgonjwa amesema kichwa kinamuuma.

Kwa hiyo muulize fundi mambo matatu. Namba ni ipi? Iandike kwenye daftari au uipige picha kabla haijafutwa, maana ikifutwa ushahidi umekwenda. Pili, umepima nini kuthibitisha? Fundi mwenye uwezo atakuonyesha shinikizo likipanda na kushuka kwenye mashine yake injini ikinguruma. Tatu, nitapewa spea ya zamani? Fundi mwaminifu hukupa bila kununa.

Jambo moja la usalama. Katika injini hizi mpya mafuta husukumwa kwa shinikizo kubwa mno, linaloweza kupita mara elfu moja la hewa tunayovuta. Usitafute mvujo kwa kupapasa kwa vidole injini ikiwaka, wala usimruhusu fundi kulegeza mabomba ya nozeli kama ilivyofanywa kwa injini za zamani. Uzi mwembamba wa dizeli hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo huhitaji daktari wa upasuaji saa hiyo hiyo. Tena katika gari-nyumba, funga mtungi wa gesi kabla kazi yoyote ya mafuta haijaanza.

MASIZI YA SAFARI FUPI

Wakazi wa Ruiru wanaoendesha magari mapya ya dizeli kutoka Ulaya wana taa yao ya pekee: kisanduku chenye vitone ndani. Ni ya chujio la masizi lililo katika bomba la moshi. Chujio hilo hujaa, kisha hujisafisha kwa kuchoma masizi wakati bomba limepata moto vizuri. Gari linalopeleka watoto shule na kurudi, likisota katika msongamano kila siku, halipati moto huo. Taa inawaka, na mwenye gari anaambiwa alikate chujio na kulitupa.

Kabla ya hapo, litoe gari barabarani. Taa ikiwa ya manjano tu na bila nyingine, mwendo wa dakika ishirini hivi bila kusimamasimama, kutoka Ruiru kuelekea Thika, kwa kasi halali ya barabara kuu, mara nyingi hutosha kulisafisha. Barabara ile pana iliyozinduliwa Novemba 2012 ina faida hiyo pia. Dizeli nayo imeboreka: tangu Januari 2015 Kenya na jirani zake wa Afrika Mashariki waliingia katika kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni, na salfa kidogo ni nafuu kwa machujio haya. Taa ikianza kumetameta au ikifuatana na nyekundu, hapo ni gereji.

UKISIMAMA, SIMAMA VIZURI

Barabara ya Thika imewatoa watu wengi roho, na gari lililosimama ovyo ni mtego. Ukihisi nguvu zinapotea, washa taa za hatari mapema, tumia mwendo uliobaki kuingia barabara ya pembeni au ubavuni kabisa, na uweke pembetatu za onyo mbali nyuma ya gari. Watoto watolewe upande usio na magari na wakae nyuma ya reli ya chuma, hata kama mvua inanyesha. Vitanda vya gari-nyumba havifai kulaliwa gari likiwa limekwama ukingoni mwa barabara. Gari la kuvuta likija, kubalianeni bei na mahali pa kupelekwa kabla mnyororo haujafungwa.

Na kabla ya safari nyingine, weka sandukuni filta moja ya mafuta ya akiba, spana ya kuifungulia, kopo, bomba fupi, tochi na daftari. Daftari hilo liandikwe tarehe, kilomita, kituo cha mafuta, na taa yoyote iliyowaka pamoja na lilichokuwa likifanya gari wakati huo: kupanda, kuteremka, kuwashwa kwa baridi. Watoto wanaosoma sayansi shuleni waweza kupewa kazi hiyo, na wataifanya kwa furaha kuliko mazoezi ya kitabuni.

Jumapili jioni magari hurudi Nairobi, na safari hii barabara inapanda. Maporomoko ya Chania yanabaki nyuma, mashamba ya mananasi yanaingia giza, na kila injini iliyoficha udhaifu wake asubuhi inaulizwa swali lake. Aliyemwaga maji ya filta yake Thika kwa dakika kumi atapita Juja akizungumza na wanawe. Aliyeziba taa kwa kipande cha plasta, na wapo, atakuwa kando ya barabara na simu mkononi, akitafuta gari la kumvuta.